Kibendi Kinachopigwa Pasi

Saa mbili na robo asubuhi pasi imeshapata moto, na ugomvi umeshaanza.

“Hiyo pasi ni ya suruali,” anasema mwanamume aliyeketi nyuma ya cherehani.

“Suruali ina miguu miwili, itasimama ingoje,” anajibu mkewe bila kuinua macho. “Kioo changu hakina hata mmoja.”

Anachovya kidole kwenye kikombe cha maji, anagusa uso wa pasi. Tsss! Anatikisa kichwa, bado ni kali mno. Anaichomoa kwenye umeme, anangoja, anagusa tena. Safari hii pasi inanong’ona tu. Anatandika kitambaa juu ya utepe mwembamba unaounganisha kioo na sakiti, kisha anaugandamiza kwa ncha ya pasi, taratibu, kama anayenyoosha kola ya shati la mtoto mchanga. Anainua mkono na kuwasha. Kwenye kioo kilichokuwa nusu maiti, mistari inarudi mmoja baada ya mwingine.

“Haya, chukua pasi yako,” anamwambia mumewe. “Na usininunie. Imepumzika tu.”

Mtaani mama huyu anaitwa Mama Vibonye. Umri wake unakaribia sitini, huvaa miwani juu ya miwani, na ana mdomo usiojua likizo. Kazi yake ni kufufua vibendi.

Kwa asiyejua, kibendi ni kisanduku cha muziki chenye ukubwa wa daftari la mtoto wa shule, kina safu za vibonye vya mpira na kioo kidogo. Zamani wanamuziki wa harusini walikipenda kwa sababu kinaingia kwenye mfuko wa koti, na ndani yake mna bendi nzima: ngoma, besi, kinanda, hata tarumbeta. Mwenyewe unakipangia nani aanze na nani afuate, unahifadhi wimbo wako, na siku ya shughuli kinapiga chenyewe huku wewe ukiimba. Hakili, hakilewi, wala hakichelewi mazoezi.

Ila kinazeeka. Vibonye vinachakaa, kioo kinapoteza mistari, na viwanda vilivyovitengeneza viliacha kazi hiyo zamani. Wenye navyo hawataki kununua mashine mpya, maana nyimbo zao zimo humo. Wanakuja hapa.

Hapa ni chumba kimoja. Kushoto ni nguo za mumewe, fundi cherehani anayejulikana kama Mzee Pindo. Kulia ni vibendi. Katikati ni meza moja, na juu ya meza hiyo, pasi moja. Mtu akisimama mlangoni akaita “Fundi!”, wote wawili huitika “Naam!”, na matatizo mengi ya chumba hiki huanzia hapo. Bwana mmoja alikabidhi kibendi chake kwa fundi asiyehusika, akaja kukikuta kimefungwa kwenye karatasi yenye maneno: *punguza kiunoni*.

Mama Vibonye hakusomea kazi hii popote, na hajioni mnyonge kwa hilo. Wala kwa jambo lolote lingine, ukweli usemwe. Anasema yote yalianza na rimoti ya nyumbani. Mumewe ni mpenzi wa mieleka, na siku moja kibonye cha sauti kiligoma sauti ikiwa juu kabisa.

“Majirani walikuja mbio kuuliza nani anampiga nani,” anakumbuka. “Nikachukua mkasi wa huyu bwana nikaifungua ile rimoti. Ndani nikakuta mpira una vidoa vyeusi. Kumbe siri yote ni kidoa! Kikilika, unabonyeza mpaka kucha inauma na mashine haina habari. Nikabandua kidoa cha kibonye tusichokitumia, nikakihamishia kwenye sauti. Nikapunguza mieleka na mume kwa mpigo mmoja.”

“Mkasi wangu haujakata vizuri tangu siku hiyo,” anasema Mzee Pindo kutoka upande wake.

Baada ya rimoti vikaja vikokotoo vya wenye maduka, kisha siku moja mwalimu wa kwaya akaleta kibendi. Mama Vibonye alikifungua akitegemea maajabu, akakuta vidoa vilevile. Tangu hapo hajageuka nyuma. Ukimuuliza kipato anakujibu kwa suruali, maana ndicho kipimo cha nyumba ile. Kibendi kimoja kikipona ni sawa na suruali mbili za kushona.

“Mwezi mzuri nafikisha suruali thelathini,” anasema. “Mwezi mbaya, suruali tatu na kaptula.”

Vipuri havipo, hivyo anavitoa kwenye vibendi vilivyokufa kabisa, ambavyo amevipanga rafuni na kuviita wafadhili. “Huyu marehemu,” anasema akipapasa kimoja kisicho na kioo, “lakini macho yake yanaona kwa mwenzake.”

Tatizo lisilo na kipuri ni vidole vya wateja. Mtu aliyebonyeza kibonye kibovu kwa miaka mingi amezoea kukikandamiza kama anayeua kunguni. Kikitengenezwa, anaendelea kukikandamiza, na kibendi kinapiga mara mbili. Mpiga kinanda mmoja alirudi amefura: “Fundi, umekiharibu! Sasa kinasikia kabla sijataka!” Siku hizi kila mteja, kabla ya kuondoka na mashine yake, hukaa kwenye kigoda akafundishwa kugusa upya.

Mwandishi wa makala haya alifika mara ya kwanza siku ya Alhamisi, na akakuta chumba kina mgonjwa mahututi.

Mgonjwa alikuwa kibendi cha mwimbaji wa harusi anayeitwa Kibwagizo, bwana mwenye umri wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya asali. Ameimba kwenye harusi nyingi kuliko anazoweza kukumbuka, na zote zilikuwa za wengine. Ndugu zake walishachoka kumuuliza. Mganga hajigangi, walisema, wakaacha.

Sasa alikuwa anaoa yeye. Jumamosi ile ile.

Bibi harusi ni mkunga wa zahanati, mwanamke wa sauti kubwa na maneno machache, kama kazi yake inavyotaka. Kibwagizo alimtungia wimbo, akampigia kwa simu mara moja tu, usiku mkunga akiwa zamu. Mama mjamzito aliyekuwa akisubiri uchungu akausikia pembeni, akamwambia mkunga, “Dada, huyo usimwache.” Mkunga akakubali kuolewa, kwa sharti moja: ataingia ukumbini kwa wimbo ule. Usipopigwa, haingii.

“Na hatanii,” Kibwagizo alisema huku akifuta jasho. “Huyu mtu hata akikwambia njoo, unatii kabla hujajua unaitwa wapi.”

Shida ni kwamba kioo cha kibendi kilikuwa kimekufa, na ndani mlikuwa na nyimbo zaidi ya mia. Bila kioo alikuwa akichagua kwa kubahatisha. Mwezi uliotangulia alibahatisha kwenye harusi ya watu, na maharusi wakaingia ukumbini, mkono kwa mkono, kwa wimbo wa mahafali ya shule unaosema kwaherini walimu, tumemaliza mateso. Mama wa bwana harusi mpaka leo hamsalimii.

Vibonye navyo vilikuwa hoi. Mama Vibonye alikuwa ameshatengeneza karibu vyote, akabakiza kimoja cha pembeni, kile cha kujibu *ndiyo* mashine inapouliza swali. Mteja alilalamika kwamba kimeachwa. “Hicho hukihitaji kuimba,” alimjibu. “Kwanza macho.”

Bahati mbaya, Kibwagizo huyohuyo ndiye aliyekuwa ameshonesha suti yake ya harusi upande wa pili wa chumba. Kwa hiyo siku hiyo pasi moja ilikuwa inagombewa na koti lake na kioo chake, na yeye mwenyewe alikuwa amesimama katikati, mikono juu, koti limejaa mistari ya chaki, uso kwa Mzee Pindo na mgongo kwa Mama Vibonye.

Mama alipiga pasi. Aliwasha. Kioo kikafunguka chote, mstari hata mmoja haukukosekana, na yeye akapiga kigelegele kidogo cha ushindi. Kisha akasoma kilichoandikwa. Katika kubonyeza bila kuona, yeye na mteja wake walikuwa wamekipeleka kibendi kwenye swali baya kuliko yote. Kilikuwa kinauliza kama nyimbo zote zifutwe.

Yaliyofuata yalichukua muda mfupi kuliko kuyasimulia.

“Bwana harusi,” Mzee Pindo aliuliza kwa sauti yake ya chini, akionyesha chaki kwenye koti, “hizi nizifute?”

“Kinauliza nizifute zote!” alisema Mama Vibonye kwa sauti yake ya juu, pua ikikaribia kugusa kioo.

“Futa zote, fundi,” alijibu Kibwagizo. “Unangoja nini?”

Mama Vibonye alishtuka. “Zote?”

“Zote! Nisiikute hata moja. Siku ya harusi yangu nataka niwe msafi.”

Mama baadaye alijieleza hivi: amewaona wanaume wengi wiki ya kuoa. Kuna wanaonyoa kipara, kuna wanaotubu, kuna wanaokwenda kuomba radhi kwa watu waliokwisha kuwasahau. Kama huyu ameamua kuanza maisha mapya bila wimbo hata mmoja, yeye ni nani? Labda ule wa mkunga ameshautunza kwingine. Kazi ya fundi ni kufanya anachotaka mteja. Akaweka kidole kwenye *ndiyo*, akabonyeza.

Kimya. Akabonyeza tena. Akaweka kidole gumba na uzito wa bega zima.

“Hazifutiki!” alilalamika.

“Tia mate kidogo, fundi,” alisema Kibwagizo. “Zitatoka tu.”

“Mate?” Mama alivua miwani ya juu. “Kwenye kibendi?”

Hapo Kibwagizo aligeuka. Aliona kioo, akaona kidole, akasoma swali. Sauti ya asali ikapotea; ikatoka nyingine, nyembamba, ambayo mwandishi hakutegemea kwa mtu mwenye kimo kile. Akaketi ghafla kwenye kigoda cha wateja, na mshono wa nyuma wa suruali ya harusi ukaachia kwa mlio uliosikika hadi barabarani.

“Suruali yangu!” akalia Mzee Pindo.

“Mke wangu!” akalia Kibwagizo.

“Nyamazeni nyote,” alisema Mama Vibonye. Akabonyeza *hapana*. Hicho alikuwa amekitengeneza, na kilisikia mara moja. Swali likaondoka, orodha ya nyimbo ikajitokeza, zote zaidi ya mia, zimekaa mahali pake kana kwamba hakuna lililotokea. Kidoa kimoja kilicholika, kile kilichoachwa kwa uvivu au kwa busara, kutegemea unamuuliza nani, ndicho kilichoiokoa ndoa.

Wakautafuta wimbo wenyewe, wakaupiga palepale. Unaanza na besi peke yake, taratibu, kisha kinanda kinaingia kama mtu anayebisha hodi. Kibwagizo alilia waziwazi, suruali imeachia, na Mzee Pindo akajipangusa macho kwa kipande cha bitana akidai ni vumbi la chaki. Mwandishi naye aliguswa, na haoni sababu ya kuficha.

Tangu siku hiyo neno *kufuta* limepigwa marufuku chumbani humo. Chaki inakung’utwa, meza inapanguswa, jasho linakaushwa. Mteja akiteleza akalitamka, mafundi wote wawili huinua mikono juu na kusubiri afafanue.

Jumamosi wimbo ulipigwa, mkunga akaingia. Walioalikwa wanasema alitembea polepole mno, hadi wimbo ukarudiwa mara tatu kabla hajafika mbele, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

Hapo ndipo mwandishi alipodhani makala yake yamekwisha. Jumatatu asubuhi alirudi kuaga tu, akamkuta bibi harusi mlangoni, amevaa sare ya kazi, na nyuma yake mumewe akiwa amejikunyata kama mwanafunzi aliyevunja kioo cha darasa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona mapema? Asali haijaisha bado?”

“Imeingia sisimizi,” alisema mkunga. “Nauliza, wimbo ukiwa kwenye kile kisanduku, unaweza kufungwa huyu asiutoe?”

Ilikuwa hivi. Jumapili, siku moja baada ya harusi, msichana mmoja aliyekuwa ukumbini alimpigia simu Kibwagizo. Yeye anaolewa mwezi ujao, na anataka kuingia kwa wimbo uleule. Na Kibwagizo, kwa mazoea ya maisha yake yote, akajibu, “Hakuna shida.”

“Mke wangu, nyimbo ndiyo kazi yangu,” alijitetea. “Nikitunga, naimba. Mtu akiupenda, namwimbia. Ndivyo tunavyokula.”

“Mimi kazi yangu ni kupokea watoto,” mkunga alijibu. “Umeshaona nikitoka kazini na mtoto wa mtu nikakwambia huyu ni wako?”

Mzee Pindo aliacha kukanyaga cherehani.

“Zile nyingine zote kaimbe,” aliendelea, na sauti yake ikashuka, ikawa ya mtu mwingine. “Mia nzima. Sikuzuii. Lakini huu ndio ulionifanya nikubali. Nimekaa miaka mingi nikiwaona wenzangu wakipokelewa kwa nyimbo, na mimi nikiwapokea watoto wao. Wimbo mmoja tu katika dunia hii umetungwa kwa ajili yangu. Leo nikipita kwenye ukumbi nikausikia unamwingiza mwingine, nitajiona nimeazimwa.”

Kibwagizo aliketi kwenye kigoda cha wateja, mikono magotini.

Mama Vibonye alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Mwanzoni alikasirika, na alisema hivyo. Amehangaika, ameazima pasi kwa vita, ameokoa wimbo chupuchupu, na sasa wanakuja kumuuliza namna ya kuuzuia usitoke? Kisha akainuka, akaenda kwenye rafu ya wafadhili, akashusha yule marehemu asiye na kioo, ambaye kumbe alikosa macho tu, ndani bado mzima.

“Kuchagua kati ya nyimbo mia kunahitaji macho,” alisema akimpangusa vumbi. “Wimbo ukiwa mmoja, macho ya nini?”

Alichukua waya, akaunganisha vibendi viwili, akauhamisha wimbo kutoka cha kazi kwenda kwa yule kipofu. Kwa vile hana kioo, njia pekee ya kujua kama umefika ilikuwa kuupiga. Besi ikaanza peke yake. Mkunga akaangalia sakafuni mpaka ukaisha.

Kilichobaki ni kuuondoa kwenye kibendi cha kazi, na hilo lilihitaji kile kibonye kimoja kibovu. Mama alikifungua hapohapo, akabandika kidoa kipya, akakifunga. Hakukibonyeza yeye. Alikisukuma mbele ya mteja wake.

Mashine iliuliza swali lake, safari hii kuhusu wimbo mmoja tu. Kibwagizo alikiri kwamba linamuuma; katika miaka yote hiyo hajawahi kuuondoa wimbo wake mwenyewe, na huu ndio bora kuliko yote aliyowahi kutunga. Alimwangalia mkewe. Kisha akagusa, kwa wepesi, kama alivyofundishwa, na *ndiyo* ikapita mara ya kwanza. Yule msichana wa mwezi ujao atatungiwa mwingine.

Leo, siku mbili baadaye, kibendi kipofu kiko mezani, kimefunguliwa kifua. Mama Vibonye anaking’oa vibonye kimoja kimoja na kuvipanga kwenye kifuniko cha chupa. Vitawafaa wagonjwa wengine. Mahali pa kioo ameweka kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye suti ya harusi, ambacho Mzee Pindo amekipindia kingo bila kuombwa. Anasema ana mpango wa kutengeneza vingine vya namna hii kadiri wafadhili watakavyoruhusu, kibendi kimoja kwa wimbo mmoja, kwa kila nyumba itakayotaka.

“Watu wanatunza picha za harusi kwenye kabati hawazitazami,” anasema. “Hiki watakisikia.”

Akimaliza, maharusi wanafika kukiangalia kabla mkunga hajaingia zamu. Kati ya vibonye vyote kimebaki kimoja, katikati kabisa, chenye kidoa kipya. Kibwagizo anakigeuza huku na huku mkononi.

“Mama, naona umeacha cha kuanzishia. Cha kusimamishia kiko wapi?”

Mkunga anakichukua kibendi kutoka mkononi mwa mumewe, anakitia kwenye mfuko wa sare yake.

“Cha kazi gani?” anauliza.